Usiape Kesho Kaburini kwa Babu

Mujuni mwanangu,

Najua uko Kahororo unaagana na walimu na wenzako wa timu ya shule, na najua utachelewa kurudi, maana tangu uzaliwe hujawahi kumuaga mtu kwa dakika kumi. Mimi niko sebuleni, kwenye meza yetu yenye mguu mfupi. Mvua inanyesha Maruku nzima, na mama yako yuko chumbani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya sweta, dawa, pasipoti na kula vizuri ameshakuambia yeye, na ataendelea kukuambia mpaka gari liondoke. Hapo sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu. Kesho saa tatu asubuhi ukoo unakuja. Gari la kukupeleka uwanja wa ndege linakuja saa nne. Katikati ya hapo wazee wanataka kukusimamisha kwenye kaburi la babu yako, kule nyuma kwenye migomba, uape kwamba mkataba wako wa miaka miwili ukiisha utarudi ukae hapa, kwa sababu wewe ndiye musika, mrithi wa kibanja hiki, nyumba na migomba yake, baada yangu. Usipoapa, wanasema, utavuliwa urithi na hutazikwa hapa.

Usiape.

Ebo! Kijana ana miaka kumi na tisa, anakwenda Ufaransa kucheza mpira, na watu wazima wenye akili zao wanamtishia kaburi! Waende zao. Ukifa huko uzeeni watakuzika watakaokuwa wamekupenda, na udongo wa kwao ni udongo pia. Lakini najua hilo halikutoshi. Wewe ni mtoto mwenye adabu, na mkubwa wa ukoo akikushika bega akasema, "Mjukuu wangu, sema neno moja tu," utalisema. Kwa hiyo lazima nikueleze kwa nini usiseme, na maelezo yenyewe yananiaibisha mimi, si wewe. Nimemwambia mama yako nataka kuandika. Akasema, "Ta Mujuni, si umwambie kwa mdomo? Mtoto atakuwa hapa hapa." Nikamjibu kwa mdomo nitadanganya. Hakubisha. Ananijua.

Unakumbuka Jumapili iliyopita baada ya misa, walipojaa humu ndani. Nilimpelekea baba yako mdogo Kaiza kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, kama tunavyompa kila anayeingia. Akautazama mkono wangu, akasema, "Sijaja kutafuna." Kwetu mtu akikukatalia kahawa ndani ya nyumba yako amekuambia mbele ya watu kwamba hakuheshimu, na ndugu yangu wa tumbo moja alinifanyia hivyo wewe ukiwa umekaa pembeni yangu. Kisha akasema, "Musika haondoki. Wewe mwenyewe ulituambia hivyo mwaka ule, au umesahau?"

Walipoondoka ulinifuata uani umevimba kwa hasira. "Tata, huyu ndiye aliyenizuia kwenda Mwanza," ukasema. "Na leo anataka kunizuia tena. Simsamehe." Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ulidhani nimekasirika pamoja na wewe. Hapana. Nilikuwa natafuta pa kujificha, na safari hii sikupaona.

Hadithi yangu ya mpira umeisikia mara nyingi mno. Jinsi nilivyokuwa winga wa kushoto Bukoba hii, jinsi mabeki wa Muleba walivyokuwa wakiuliza kabla ya mechi kama nipo, jinsi timu ya Mwanza iliponiita kwenye majaribio, baba akafariki, ukoo ukanikabidhi mkuki wake, nami nikaitupa ndoto yangu kwa ajili ya kibanja. Nimeihadithia kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye pombe ya rubisi. Watu hutikisa kichwa, huniongezea kinywaji. Sisi watu wa Bukoba wanatuita nshomile, kwamba tunajua kusema. Mimi nilijua kusema vizuri kupita kiasi.

Sikiliza sasa ilivyokuwa.

Nilikwenda Mwanza kwa meli. Siku ya kwanza nilicheza vizuri sana, watu wakashangilia. Siku ya pili wakanipangia beki wa kulia mmoja mfupi, mwenye matege, hata jina lake sikulishika. Mujuni, yule mtu alinisoma kama kitabu cha darasa la kwanza. Nikienda nje yupo. Nikiingia ndani yupo. Nikisimama anasimama, ananitazama tu, hata hatoki jasho. Alininyang'anya mpira mara tano, na baada ya mara ya tano nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya maishani: mpira ulipokuja nikaurudisha nyuma bila hata kumtazama. Ukaja tena, nikaurudisha tena. Winga akiogopa utamjua hapo. Hakuna anayemzomea, maana pasi imefika, lakini yeye mwenyewe anajua.

Baada ya mazoezi kocha akanipiga begani. "Kesho utakuwa naye tena huyo huyo," akasema, tena kwa wema, akitaka nijifunze. Jioni hiyo ukaja ujumbe kutoka nyumbani kwamba baba amefariki.

Nililia. Nilimpenda baba yangu, na wewe umelelewa na hadithi zake. Lakini katikati ya kile kilio, mwanangu, nilipumua. Nilihisi mzigo umeshuka. Kesho sitamwona yule beki. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata padre.

Na kocha hakunifukuza. Aliniambia, "Nenda ukazike, nafasi yako itakungoja mwezi mzima." Mwezi mzima! Sehemu hiyo kwenye hadithi zangu huwa haipo.

Tulipomaliza matanga, ukoo ukakaa kutaja mrithi. Mimi ni mkubwa, kwa hiyo ni mimi. Ndipo Kaiza aliposimama. Alikuwa na umri kama wako wa sasa, mwembamba, hajazoea kusema mbele ya wazee. Akasema, "Naomba mimi nibaki na kibanja. Kaka aende akacheze mpira. Mimi napenda shamba." Na ni kweli alilipenda. Alikuwa akipita kwenye migomba anaijua kila mmoja, upi umeshambuliwa, upi unataka samadi, upi utaangusha mkungu upepo ukija. Wazee wakatazamana. Hawakukasirika. Mkubwa wa ukoo wa wakati ule akanigeukia akaniuliza, "Wewe wasemaje?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, Mujuni. Hakuna aliyenifunga. Mimi ndiye niliyesimama, nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti kubwa, "Musika haondoki." Wazee wakafurahi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikavishwa kipande cha nguo ya gome, nikakabidhiwa mkuki, nikaonekana mwanaume wa kweli, kumbe nilikuwa namkimbia beki mwenye matege.

Kaiza aliondoka mwezi ule ule kwenda Muleba. Mpaka leo analima ardhi ya kukodi. Mtu anayeijua migomba kuliko ukoo mzima anapalilia ya watu, na mimi, ambaye mnyauko uliingia shambani kwangu sikuutambua mpaka nusu ya migomba ilipolala chini, ndiye bwana wa kibanja. Wewe umemwona kama mtu mkali asiyecheka. Hakuzaliwa hivyo. Mimi nilichukua kitu alichokipenda na nisichokitaka, kisha miaka yote nikawa nalalamika mbele yake kwamba nilikitwaa kwa kujitolea. Ungekuwa wewe ungetafuna kahawa yangu?

Sasa nikuambie habari ya Chaki, maana hata huyo humjui vizuri, ingawa mimi na wewe tumemtazama pamoja miaka yote. Ulikuwa mdogo ukikaa mapajani mwangu kwenye kibanda cha video pale senta, na yule winga Mfaransa tukimwita Chaki kwa sababu alicheza amekanyaga mstari, mechi ikiisha viatu vyake vyote vimepakaa chokaa. Wewe ulimpenda kwa chenga zake. Ulidhani na mimi nampenda. Watu wa pale walinishangaa, mbona Ta Mujuni anamfuatilia mchezaji ambaye si nyota, anauliza matokeo ya timu ndogo ambazo hata mwenye kibanda hazijui?

Nilikuwa nangoja aanguke.

Ndiyo. Alianzia timu ya mji mdogo, timu kubwa ikamchukua, msimu mmoja akaimbwa na kila mtu. Kisha kocha mpya akamweka benchi. Nilifurahi. Wakamtoa kwa mkopo, akarudi, wakamtoa tena kwingine. Nikafurahi zaidi. Siku aliyobaki yeye na kipa, akaupaisha mpira juu, wewe ulilia, na mimi niliwanunulia watu soda. Ulidhani nakubembeleza. Alipoumia goti, akakaa nje karibu msimu mzima, nikajiambia, unaona sasa? Ungekwenda, ingekuwa wewe huyo. Afadhali kibanja. Kila alipoanguka nilipata ushahidi kwamba nilifanya vema kubaki.

Lakini yule mwanaume alikuwa ananirudia! Alirudi na goti lake, mbio zimepungua, wakamhamishia kulia, mguu usio wake. Akacheza. Wakamrudisha nyuma, akawa nusu winga nusu beki, anakaba vijana wanaoweza kuwa wadogo zake. Akacheza. Mwishoni alikuwa daraja la pili, mvua inanyesha, uwanjani watu wachache wenye miamvuli, na kwenye simu yenye picha inayokatakata nilimwona ananyang'anywa mpira na kitoto mara tatu mfululizo. Nikasogeza simu karibu, nikitaka kumwona akirudisha ile pasi ya nyuma. Akanyoosha mkono kuomba mpira. Akaupata, akamwendea yule kijana tena. Sikumbuki hata kama alipita. Nilizima simu nikaenda kukaa shambani peke yangu. Pale ndipo nilipokoma kufurahi.

Kazi unayoiendea ni hiyo, mwanangu. Wenzako huko Kahororo leo wanakuimbia habari za magari na magoli. Waache waimbe, wanakupenda. Lakini wewe unakwenda timu ya daraja la pili, mji ambao mimi na mama yako tuliutafuta kwenye simu tukauona umezungukwa na mashamba. Utakaa benchi. Utatolewa kwa mkopo kwenda kwa watu ambao hawakukuomba. Utasimama pale mstarini nusu saa nzima mpira ukiwa upande wa pili, baridi inakuuma, na ukija mara moja watu wote wanataka maajabu. Na beki wako mwenye matege yuko huko, anakungoja. Kila winga ana wake. Atakunyang'anya mara tano. Mimi siwezi kukufundisha jinsi ya kumpita, sikumpita wangu. Ninachokijua ni hiki tu, kwamba ukimkimbia humwachi uwanjani. Utahama naye, utakula naye, utamhadithia watoto wako uongo kwa ajili yake. Omba mpira tena.

Sasa nimefika penye uchungu, na nimekwisha kunywa chai vikombe viwili nikiukwepa ukurasa huu.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita, kituo cha kulea wachezaji cha Mwanza kilipokuita, mwalimu wako alikuja hapa na barua. Nikamwambia lazima ukoo uulizwe, na Kaiza ndiye mwenye neno. Nikavaa koti, nikapanda basi kwenda Muleba. Wewe ulinisindikiza mpaka barabarani umenibebea mwavuli.

Sikufika kwa Kaiza. Hata mlangoni kwake sikufika. Nilishinda sokoni Muleba nimekaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki, nikala sangara na ndizi, nikasoma gazeti la jana yake, nikangoja basi la kurudi. Nikaingia nyumbani nimekunja uso, nikasema, "Ukoo umekataa. Kaiza ndiye amekaza." Ulikaa siku mbili bila kula. Ulichukua msumari ukautoboa mpira wako, ule mwekundu, na mimi nikakununulia mwingine, ukanishukuru. Ukanishukuru, Mujuni! Ulisema, "Tata, angalau wewe ulijaribu."

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mwaka baada ya mwaka. Nilijiambia naogopa utaumia, naogopa shule itakupotea. Porojo. Niliogopa utafika. Ungefika, ningebaki na nini cha kuhadithia? Mwanangu mwenyewe angekuwa amekwenda mahali nilipodai hapaendeki. Miaka mitatu yako nimeila mimi, kwa samaki na gazeti. Kaiza hajui hata leo kwamba uliitwa. Miaka mitatu unamchukia mtu ambaye hajakufanyia kitu, na kila ulipompita bila kumwamkia kwenye misiba alidhani nimekulea vibaya. Alikuwa sahihi.

Mungu ana huruma kuliko mimi. Ulitoboa mpira lakini hukuacha kucheza, wakakuona Dar es Salaam kwenye mashindano, na safari hii barua ilikuja kwako wewe, haikupitia mkononi mwangu. Sina sifa yoyote katika safari hii. Mtu akikuuliza huko nani alikusaidia, mtaje mwalimu wako, mtaje mama yako. Mimi usinitaje kwa heshima ambayo sikuifanyia kazi.

Sitakuomba msamaha kwa maneno matamu. Nimekukosea, nimemkosea Kaiza, na nimekoma. Hilo la kukoma ndilo ninaloweza kukupa.

Ndiyo maana nasema usiape. Siyo kwamba kiapo ni kibaya, au wazee ni wabaya. Wao wanashika sheria niliyowapa mimi. Kile kiapo kilitengenezwa na uoga wangu, na ukikichukua kesho utakwenda nacho Ufaransa begani. Siku ya kwanza utakayonyang'anywa mpira mara tano, kitakuambia taratibu: rudi, uliapa, hakuna atakayekulaumu. Mimi naijua ile sauti. Ni tamu sana. Nataka uende bila mlango wa nyuma. Ukishindwa, sema, "Nimeshindwa, haukunishinda ukoo, amenishinda beki," kisha uje nyumbani ukale, hapatakuwa na mtu wa kukucheka. Ukitaka kubaki huko, baki. Ukitaka kurudi, rudi kwa sababu unataka. Lakini kuniambia kwamba mtoto wangu atarudi kwa sababu aliburutwa kaburini akiwa na miaka kumi na tisa? Thubutu! Nikiwa hai, thubutu.

Nilimweleza mama yako yote jana. Aliendelea kumenya ndizi, akamenya mpaka sufuria ikajaa tukala mpaka leo. Mwisho akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimetandaza nyasi kwenye migomba ya Kaiza." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mpe. Lakini jiko langu halihami." Halihami. Kaiza si mtu wa kutufukuza, na kama ni wa kutufukuza, tutakodi Muleba, tumejua pa kula samaki.

Utaikuta barua hii juu ya begi lako ukirudi. Nimetaka uisome leo ili kesho usishtuke. Kesho wakishakaa wote, kabla hawajasema twende kaburini, nitasimama niwasomee nilivyokuandikia, neno kwa neno, na pale penye pumzi niliyopumua Mwanza, na pale penye samaki wa Muleba, Kaiza akiwa amekaa mbele yangu. Nikimaliza nitasema kibanja ni chake kuanzia siku hiyo, na mwanangu hana kiapo cha kula kwa mtu yeyote.

Watanitukana. Watasema nimewadanganya robo ya karne, na ni kweli. Huenda Kaiza akaninyanyukia, na ana haki. Wewe utataka kusimama katikati, nakujua, mkono wako utakuwa wa kwanza kunyoosha. Usifanye hivyo. Muamkie Kaiza, umpigie magoti kama inavyompasa baba, kisha mbusu mama yako uingie garini. Ukisikia sauti zinapanda nyuma yako, usigeuke kunitetea. Hayo ni yangu, Mujuni. Safari hii sitarudisha nyuma.

Tata wako,
Rweyongeza